Makosa ya Mwalimu Mhina

Fransisko Mhina aliokoka mwaka 1991, miezi miwili baada ya duka la ushirika kufungwa na yeye kukosa cha kusimamia. Kabla ya hapo alikuwa katibu kata huko Handeni kwa miaka kumi na saba, na ukienda na Biblia kwenye mkutano wake aliuliza kama umemaliza kulima shamba la kijiji. Simcheki kwa kuokoka. Namcheka kwa sababu alihamia kanisani na mizigo yake yote, hata filimbi ya kuitia mikutano.

Mwaka 1993 wafadhili walileta semina ya wiki tatu pale Korogwe, ya kuwafundisha viongozi wa makanisa ya vijijini. Walitaka mtu mzoefu wa kuiendesha. Nani angemshinda Mhina? Tulikusanyika wainjilisti ishirini na wawili, mimi Yordani nikitokea Kerenge. Sharti lilikuwa moja: mwenye cheti ataongoza kanisa, asiye nacho atakaa kwenye benchi na waumini wengine.

Siku ya kwanza alituchagulia mwenyekiti, katibu na msimamizi wa nidhamu. Mfano wa mpanzi aliufundisha kwa kutaja maadui watatu wa mbegu: ndege, mwamba na miiba. Sala ya kufunga aliianza kwa "ndugu wajumbe". Akisema "Wanaoafiki?" mikono ilipaa kabla hatujajua tunaafiki nini. Wengi wetu tulikulia kwenye mikutano hiyo, na mazoea yana taabu.

Mmoja wetu, Yuditha, alikuwa mwanamke wa jamii ya wafugaji wa Kang'ata. Kwa miaka sita alikuwa amelea kanisa la watu arobaini, akitembea boma kwa boma, akifariji wagonjwa na kuzika wafu. Alikitaka kile cheti kuliko sisi wote. Aliniambia wazi, "Kaka Yordani, wakininyima, wataniletea mtu asiyewajua wale watu."

Siku moja kabla ya vyeti ikafika saa ya kujikosoa. Mwalimu Mhina alisimama mbele, mikono nyuma.

"Kiongozi wa kweli hukosolewa," alisema. "Anzeni na mimi. Msiniogope."

Aliyekulia kwenye mikutano anajua dawa ya hapo: unatafuta kosa linalonukia. Filomena wa Mkata alisimama akasema, "Kosa lako, mwalimu, hupumziki." Mimi nikasema anatujali sisi mpaka anasahau afya yake. Katibu aliandika yote. Mhina alikuwa akitikisa kichwa kwa majuto, na uso umemjaa furaha.

Yuditha hakukulia kwenye mikutano. Kwao ukiitwa useme, unasema.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mwaka sabini na nne ulikuja bomani kwetu na mgambo. Ukaamuru nyumba ya mama yangu ichomwe ili tuhamie kijijini. Mama alikuwa na siku tatu tangu ajifungue. Mimi nilikusamehe zamani. Lakini hujawahi kusema kwamba lilikuwa kosa, na leo umeuliza."

Nilitamani Mhina aseme neno moja tu: kweli. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Katibu, andika kwamba mjumbe mmoja alitoa mchango wa kihistoria."

Kisha akaeleza, kwa upole wa kutisha, kwamba kiongozi wa kanisa lazima awe na roho ya msamaha, na kwamba dada yetu huyu bado hajaiva. Akafungua ukurasa mpya wa daftari lake.

"Wanaoafiki cheti chake kisubiri?"

Mikono ikapanda, ishirini na mmoja. Wa kwangu ulikuwamo, tena umenyooka vizuri. Ningeweza kusingizia mazoea, lakini nilikuwa na akili zangu timamu. Niliona haya, na sikuushusha. Yuditha alitutazama mmoja mmoja, halafu akakaa.

Kesho yake nilipewa cheti changu, na pamoja nacho barua ya kunipangia kazi: Kang'ata.

Nilimkuta Yuditha stendi akisubiri basi la Handeni. Nikamwonyesha ile barua, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kumweleza kwa mdomo. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akanirudishia. Nilidhani atanitukana, na ingekuwa nafuu.

"Bibi Nemayian hasikii sikio la kulia," alisema. "Ukiongea naye kaa kushoto kwake. Naitoi amefiwa na mtoto, usipite kwake bila kuingia. Mzee Leboo usimwombee haraka, muulize kwanza habari za ng'ombe. Na yule mkwe wa Lenku usimtaje mbele ya watu, anakuja kanisani kwa siri."

Basi lilikuwa limeshawasha injini. Nikamwomba arudie polepole, maana sikuwa nimeshika hata jina moja.