Risasi ya Mviringo na Risasi Ndefu

Mimi ni mwoga wa bunduki, na sioni haya kusema. Nilizaliwa Kitale, nikakulia kwenye amani, na bunduki pekee niliyoiona utotoni ilikuwa ya askari wa benki. Hata hiyo nilikuwa navuka barabara kuikwepa. Lakini uoga wenyewe hasa niliupata baada ya kuolewa. Mume wangu ni Mkongomani wa upande wa Fizi. Alifika Australia akiwa mkimbizi, akaishi Fairfield miaka kadhaa kabla hatujaonana kanisani. Usiku wa Mwaka Mpya, Sydney nzima inapotoka kutazama fataki, yeye hujifungia bafuni kwetu Toongabbie, anakaa sakafuni mpaka kelele ziishe. Mimi huketi nje ya mlango nikimsemesha habari za kipuuzi: bei ya vitunguu, jirani na mbwa wake, nguo zilizosahaulika kwenye mashine. Nimegundua kwamba maneno ya kumbembeleza hayamsaidii kitu. Upuuzi ndio humrudisha.

Sasa mtu wa namna hiyo akirudi kutoka kazini na kukuambia amealikwa kuwinda, utasemaje? Mimi nilicheka. Kisha nikaona mwenzangu hacheki.

Aliyemwalika ni mzee wa Kizungu anayefanya naye kazi kwenye ghala moja huko Ingleburn, mtu mkimya aliyekaribia kustaafu. Dada yake ana shamba kusini mwa mji, na kulungu hushuka kutoka msituni kula malisho ya ng'ombe wake. Kulungu hapa si wa asili. Waliletwa na Wazungu wa zamani ili wapate wanyama wa kuwinda, wakazaana mpaka wakawa kero. Mzee ana leseni, na huwawinda kwa bunduki ya aina ambayo sikujua kama bado ipo duniani: gobore, ile ya kumiminiwa baruti mdomoni na kushindiliwa kwa fimbo.

"Wewe mlango ukijibamiza unaruka," nilimwambia mume wangu. "Unaenda kuwinda nini? Si uende Fairfield ununue nyama ya mbuzi kama watu?"

"Sifuate nyama, mama," alijibu. "Miye nimechoka kuogopa. Nataka nisikie bunduki yenye hainitafute. Mara moja tu."

Binti yetu, ambaye Kiswahili anakielewa chote na kukijibu kwa Kiingereza, aliinua kichwa kutoka kwenye simu. "Mum, just go with him."

Nikaenda. Ningemwachia nani?

Siku ya safari tulipitia kwanza kwa mzee, naye akatuingiza kwenye gereji yake. Mezani alikuwa amepanga risasi za aina tatu, kwa uangalifu kama mtu anayeuza mapambo. Maneno yake nayageuza kwa Kiswahili. Ya kwanza ilikuwa ya mviringo, sawa na golori ya watoto, ameiyeyusha na kuimimina mwenyewe. Alisema lazima iwe laini, ya madini ya risasi matupu yasiyochanganywa na kitu, kwa sababu ikiwa ngumu itapita ndani ya mnyama kama msumari na kumwacha akimbie siku nzima. Ile laini ikikuta mfupa inabonyea na kutanuka. Kwa kulungu aliye karibu, akipigwa nyuma ya bega, inatosha kabisa. Ubaya wake ni kwamba haina uzito. Ikibonyea inaishiwa nguvu, mara nyingi inabaki ndani, na tundu moja dogo halimwagi damu ya kufuata.

Ya pili ilikuwa ndefu, nzito, yenye ncha butu. Hiyo, alisema, inavunja bega la huku na kutokea la kule. Mnyama anakuwa na matundu mawili na njia yake unaiona chini kama rangi iliyomwagika. Ya tatu ilikuwa ya shaba, imevalishwa kikombe kidogo cha plastiki. Inaruka kwa kasi zaidi na kufunguka kama ganda la ndizi, ila yeye haipendi, anasema ni ya watu wenye haraka. Akatuonyesha na alama kwenye fimbo ya kushindilia. Fimbo isiposhuka mpaka kwenye alama, maana yake risasi haijakalia baruti, na ukifyatua hivyo mtutu unaweza kukupasukia usoni.

Mimi ni nesi. Nilikuwa nikimsikiliza huku moyoni napanga bandeji. Mume wangu alikuwa ameishika ile ya mviringo kiganjani.

"Yenye kubaki ndani," aliuliza kwa Kiingereza chake cha polepole, "mnyama anakimbia mbali?"

Mzee akasema inategemea mnyama. Hakujua kwamba anaongea na mtu mwenye kipande cha chuma kwenye nyonga, kilichoingia utotoni na madaktari wa hapa wakaona heri kikae. Mimi nilikijua vizuri kwa vidole vyangu. Nikataka tugeuze gari, lakini mume wangu alikuwa ameshatoka nje.

Shambani tulivalishwa vizibao vya rangi ya machungwa, rangi kali ya kuumiza macho. Sheria ya mzee ilikuwa moja: kizibao hakivuliwi kwa sababu yoyote ile. Asiyevaa rangi hiyo porini, kwake yeye, ni mnyama. Tukapanda taratibu kwenye kilima, kati ya mikaratusi na majani marefu yanayofika kifuani, tukakaa nyuma ya gogo kubwa lililoanguka. Sisi wawili hatukuruhusiwa kugusa bunduki, na mimi sikuomba.

Tulikaa mpaka jua likaanza kuwa la manjano. Kulungu akatoka peke yake, dume, akasimama akiwa ametuelekezea ubavu. Mzee aliinua gobore. Nikaona mkono wa mume wangu umeshika magome ya lile gogo. Nilitaka kuufunika kwa wangu, lakini niliogopa kujongea.

Gobore halilii kama bunduki za kwenye sinema. Linanguruma, na mngurumo wake unakuingia tumboni. Kisha moshi. Moshi mweupe, mzito, unaonuka kama mayai yaliyooza, ulitufunika wote watatu, na kwa muda sikuona hata mikono yangu. Nikakohoa, nikacheka kidogo kwa hofu, nikageuka kumwambia mume wangu kwamba sasa yamekwisha.

Hakuwepo.

Kulungu naye hakuwepo. Mzee alikuwa akitazama mbele tu. Alisema mnyama aligeuka wakati ule ule wa kufyatua, kwamba amempiga bega badala ya nyuma ya bega, na kwamba bila shaka risasi ya mviringo imebaki ndani. Sasa yuko hai, ana maumivu, na hana damu ya kufuata. Akaanza kushindilia upya, na safari hii alitoa ile ndefu mfukoni.

"Mume wangu ameenda wapi?" nilimuuliza.

Alitazama huku na huku, akasema labda ameenda kujisaidia, ataonekana tu kwa kile kizibao.

Nikaanza kuita. Nilimwita jina lake la ubatizo, nikamwita jina la kwao, nikamwita baba watoto. Pori likakaa kimya. Niliita mpaka sauti ikapasuka, na kadiri nilivyoita ndivyo nilivyoogopa zaidi, maana nilikuwa nimeshakumbuka jambo ambalo nilipaswa kulikumbuka tukiwa gereji. Aliwahi kuniambia kwamba wakati wa vita, ukiitwa ukiwa porini huitiki. Anayekuita anakujua, na anayekujua ndiye atakayekuua. Watoto wa kwao walifundishwa kunyamaza kabla hawajafundishwa kusoma. Na mimi hapo nilikuwa nalitangaza jina lake pori zima.

Mzee alisema mnyama aliyejeruhiwa haachwi ateseke, na mtu mzima hapotei kwenye kilima kimoja. Akashika njia, gobore mikononi. Nikamfuata, kwa sababu kubaki peke yangu niliogopa, na kumwacha aende na ile risasi ndefu bila mimi niliogopa zaidi. Tuliona tone moja la damu juu ya jani. Mbele kidogo, tone jingine. Kisha hakuna.

Nilijikwaa kwenye mzizi, nikashika kigogo ili nisianguke, na chini ya kigogo hicho nikaona rangi ya machungwa. Kilikuwa kizibao chake. Hakikuwa kimedondoka. Kilikuwa kimekunjwa vizuri, kimesukumwa ndani kabisa na kufunikwa majani. Bila shaka! Mtu anayekimbia bunduki huanza na kuvua kinachong'aa. Sisi tuliona kizibao kinamlinda, na mwili wake uliona ni shabaha.

Nilipoinua kichwa, majani mbele yetu yalitikisika. Kitu kilikuwa kikija kwetu chini kwa chini, polepole, kinasimama, kinakuja. Mzee alikuwa ameshaweka bunduki begani. Nilisikia ile nyundo ndogo ya gobore ikivutwa nyuma.

"That's my husband!" nilipiga kelele. "Don't shoot, he took it off, he took it off!"

Sijui kama ni mzee aliyesikia kwanza au ni mimi niliyefika kwanza. Ninachojua ni kwamba nilikuwa mbele ya mtutu, kizibao cha mume wangu mkononi, na tundu la ule mtutu lilikuwa kubwa kuliko kidole gumba changu. Risasi ya mviringo ingekaa kwangu. Hii ndefu ingenipita na kuendelea na safari. Naandika bila aibu kwamba nilijikojolea.

Mzee aliinua mtutu juu, akatoa kile kifuniko kidogo cha shaba kinachowasha baruti. Uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi. Lakini majani bado yalikuwa yakitikisika, na sasa nilijua siwezi kuita jina. Nikafanya ninachofanyaga nje ya mlango wa bafu.

"Na kesho ni siku ya takataka!" nilisema kwa sauti kubwa. "Bin ya kijani hujatoa wiki mbili, inanuka, jirani amelalamika! Nikikuambia unasema unatoa, unatoa! Mimi nikitoka night shift ndio nianze kuburuta bin? Na soksi zako ziko chini ya sofa, siziokoti mimi!"

Majani yakatulia. Niliendelea. Nilimtukania rafiki yake anayekopa gari na kulirudisha bila petroli. Nilimkumbusha kulipia rego, ule usajili wa gari. Nikasema na mengine ya ndani ambayo mzee, kwa bahati nzuri, hakuelewa.

Mume wangu alisimama. Hakuwa mbele yetu pale nilipomtazamia. Alikuwa ameshazunguka kwa kutambaa wakati nikisema, yuko ubavuni mwa mzee, karibu kabisa, shati limechanika. Mkononi alikuwa na jiwe kubwa kama kichwa cha mtoto, ameliinua. Mzee alilaza gobore chini na kurudi nyuma, mikono juu. Walitazamana hivyo. Nilimwendea taratibu huku bado nazungumzia soksi, mpaka vidole vyake vikalegea na jiwe likaanguka.

Kulungu alikuwa amelala hatua chache kutoka pale, amekwisha kufa. Mzee alimgeuza, na chini ya ngozi ya upande wa pili palikuwa na uvimbe. Akapasua kwa kisu. Ile golori ilikuwa imebonyea kama sarafu. Alitaka kusema kitu juu yake, nadhani kwa mazoea tu, akaghairi, akaiweka kwenye nyasi. Kisha akaenda kando na kutuachia nafasi.

Tulikaa chini. Nilikuwa na hasira sasa, hasira ile inayokuja hofu ikianza kutoka.

"Si nilikuita?" nilisema. "Si ulinisikia? Mbona unakuja kwa kutambaa kama mwizi? Angekuua, unajua? Angekuua mbele yangu!"

"Nilikusikia," alisema. "Nilisikia unaniita na ile sauti ya kulia. Nikajua wamekushika, wanakulazimisha uniite, ili nitoke."

"Nani amenishika? Huyu mzee wa watu?"

Alichukua kizibao mkononi mwangu, akakivaa, akahangaika na vifungo mpaka nikamfungia mimi. Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa amejificha salama, mahali ambapo mzee asingempata, na kwamba alitoka.

"Ulikuwa unanijia," nilisema.

"Mama yangu aliniita vile vile," alisema. "Sauti vile vile. Nilikuwa karibu, nilimusikia mupaka alinyamaza. Yeye sikumuendea."