Jina Tulilompa Ili Atulie

Binti yangu alikuwa na miaka minane tulipombadilisha jina.

Nilimzaa hapa Nyasho, mjini Musoma, nikampa jina la marehemu mama yangu. Akianza kufua sare, anaiacha kwenye povu anakimbilia kuku. Ukimtuma chumvi, anarudi na habari za msiba wa jirani, chumvi hana. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, nasifiwa kwa uvumilivu. Uvumilivu huo niliumalizia kwa watoto wa wenzangu. Wangu nikambakizia fimbo.

Nilipolalamika Butiama kwa mama mkwe, alitikisa kichwa. "Mwanangu, mtoto akisumbuaga hivyo, ujue jina limemkataa."

Kwao, kichanga akilia bila kukoma, wazee humtafutia jina la babu au bibi mwingine, na akinyamaza, ndilo lenyewe. Lakini hayo ni ya vichanga. Nilijua, na bado nikakubali, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka awe mtoto mwingine. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Akapewa jina la bibi mmoja wa ukoo wa baba yake, aliyesifika kwa kukaa kutwa nzima akisuka vikapu bila kuinuka. Mama mkwe akampaka unga wa mtama kifuani, tukala kuku. Njia nzima ya kurudi Musoma mtoto alikaa kimya, mikono mapajani, nami nikamshukuru Mungu. Jina jipya nikalipeleka hadi shuleni. Siku ya tatu alisahau maharage jikoni yakaungua, nikamchapa huku nikimwita kwa jina hilohilo.

Miaka mitano ilipita hivyo. Mwaka huu dada yangu anayekaa Kabasa, kule Bunda, alichoka kunisikiliza, akatupeleka kwa daktari. Tulikwenda mara tatu, pamoja na barua ya maelezo ya walimu wake. Mwishowe daktari akaniambia mtoto ana ADHD, hali ya ubongo aliyozaliwa nayo. Si kiburi, alisema, wala si malezi mabaya. Umakini unamponyoka hata anapoung'ang'ania. Mtume jambo moja moja, mwache ainuke akichoka kukaa, na fimbo weka chini.

"Huyu anajitahidi kuliko unavyoona, mwalimu."

Niliona aibu hata kumshukuru.

Wakati wa kuandikiwa kadi ya kuhudhuria kliniki, muuguzi alimuuliza jina lake. Binti yangu akanitupia jicho kwanza, kisha akataja jina la mama yangu.

"Mbona barua ya shule ina lingine?"

"Hilo ni la yule mtoto ambaye mama alikuwa anamtaka," alisema, bila hasira yoyote. "Nilijaribu kuwa yeye, nikashindwa."

Muuguzi akanigeukia, kalamu mkononi.

"Andika alilokutajia," nikasema.