Chatu Aliyenukia Kama Bwana Harusi

Wajukuu wamenishika nisimulie habari ya yule nyoka, kana kwamba sina wali jikoni. Haya.

Jirani yangu alinitaka nimsindikize kwa daktari wa wanyama hapa Ibra, Omani. Mwanawe, mtu na ndevu zake, kanunua chatu, wale wadogo wanaojiviringa kama donge la uzi. Hajapata kufuga hata paka. Sasa chatu amekataa panya na anakoroma, na kijana kakumbatia sanduku, machozi yanamlenga.

Daktari, binti wa watu, kafunua kifuniko, kanusa, kakunja pua.

"Joto unampa?"

"Nampa, daktari. Na maji, na pa kujificha."

"Na udi anamfukiza nani?"

Kijana kageuka. "Mama!"

Jirani yangu kavuta buibui hadi kidevuni. "Ananuka panya, mwanangu, na wageni wanakuja. Namfukiza jioni, kama watu wengine wa nyumbani."

"Khala," daktari kamwita kwa heshima kama mama yake mdogo, "moshi unamuumiza kifua. Ukiendelea atakufa."

"Kumbe! Mie nikidhani anakoroma kwa raha."

Hata daktari alicheka. Na jirani yangu huyu ndiye aliyeapa kwamba nyoka hatalala kwake! Sisi wazee tukishamkubali mtu nyumbani tunamfukiza, hatumuulizi kama anataka.

Chatu kapona, juzi kameza panya mzima. Aliyelipa ni jirani yangu: chetezo kimetolewa nje, na bibi mwenye majlisi mbili za kupokelea wageni sasa anajifukiza uani, mbuzi wanamtazama.