Mama Mkwe Alipokanda Kifua Changu

Kifua changu cha sasa nilikinunua Nairobi kabla ya kuolewa, na sijawahi kukijutia. Nilizaliwa bapa kama mlango, mafundi wa kwetu Uvira wakachoka kunipunguzia blauzi za kitenge. Mume wangu anajua. Wengine waliponiona nimerudi nimejaa, walisema Nairobi kuna chakula kizuri, nami nikawaachia chakula chao.

Mimba ilipoingia, kifua kikazidi. Mtaani kwetu Kilibula akina mama walinipokea bombani kwa sifa: mtoto wa huyu hatajua njaa. Nilicheka nao, lakini rohoni niliogopa. Daktari aliyenipasua alisema amepitia chini ya titi, akaiweka mifuko ya silikoni nyuma, mirija ya maziwa hakuikata. Kwa hiyo huenda ningeweza kunyonyesha. Hilo "huenda" lilikuwa zito kuliko tumbo lenyewe.

Mtoto akazaliwa, mvulana mwenye sauti ya mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani. Akanyonya, akalia. Akanyonya tena, akalia zaidi. Yalitoka matone tu.

Mama mkwe akaja kutoka Lubarika na kuku, unga wa mtama wa uji, na mikono yake. Kwetu mzazi hukandwa kifua kwa kitambaa cha maji ya moto ili maziwa yafunguke, na mama huyu amekanda nusu ya wazazi wa kijiji chao. Alinikalisha, akabonyeza, akasita. Akabonyeza tena pembeni.

"Maziwa iliganda," akasema. "Iko nguvu kama jiwe huku ndani. Nitaivunja."

Akaanza kukunja mikono ya blauzi. Nilijiona napasuliwa upya, safari hii bila ganzi. Nikamshika mikono, nikamweleza yote kwa pumzi moja.

Mtoto alikuwa akilia kitandani. Nilingoja kuambiwa kwamba mjukuu wake atakonda kwa ajili ya blauzi zangu. Niliona aibu, kisha nikakasirika kwa kuona aibu.

"Bwana yako anajua?"

"Anajua, mama."

"Hiyo mifuko, iko mbele ao nyuma?"

"Nyuma."

"Na maziwa?"

"Mbele."

"Basi miye nitabakia mbele," akasema, akachovya kitambaa.

Akanikanda polepole, kwa ncha za vidole, kuelekea chuchu, huku akinung'unika kwamba ningesema mapema asingechemsha sufuria nzima. Tukaendelea hivyo asubuhi na jioni, na katikati nikinyweshwa uji na mchuzi mpaka nikauchukia mtama. Kila mara mtoto aliwekwa kwenye titi, akanyonya, akalia, nami nikalia pamoja naye. Majirani wakiuliza kama maziwa yamefika, mama mkwe aliwajibu, "Iko inakuya," kisha akawauliza habari za watoto wao.

Asubuhi moja mtoto alinyonya na hakulia. Nilisikia koo lake likimeza, likimeza tena. Maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo, yakateremka shingoni. Mama mkwe akainama kumtazama mume wake, maana ndivyo bibi zetu wanavyowaita wajukuu wa kiume.

"Angalia bwana yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Amelewa."

Nilikuwa namhamishia mtoto upande wa pili, ambao nao ulikuwa umeanza kudondosha.