Kichupa Kilicholala na Samaki

Mume wangu aliwahi kupenda kitu kuliko alivyonipenda mimi, nacho kilikuwa kichupa kisichozidi kidole gumba. Ndani yake mlikuwa na kingamwili za maabara. Kazi yake nilielezwa mezani mara nyingi kuliko nilivyoombwa chumvi: mwili ukivamiwa, seli hutoa protini ya kuziita seli nyingine zije kusaidia, na kingamwili hizo huinasa protini hiyo tu, si nyingine. Zikiinasa, maji kwenye sahani ya maabara yanageuka buluu. Shahada yake ya uzamili ilitegemea buluu hiyo. Bila buluu, hakuna joho.

Maabara ilikuwa Kilimani. Wiki moja stima zikawa zinapotea ovyo na jenereta ikagoma, basi akakileta kichupa chake cha mwisho nyumbani kwetu mtaa wa Satellite, amekikumbatia kama mtoto aliyetoka kliniki. Nikaonywa: kikae rafu ya kati ya friji, kisiguse friza kamwe, maana kingamwili hizo zikiganda zinaharibika.

"Sawa, daktari," nikamwambia. "Na mimi nilale rafu gani?"

Jumamosi mama mkwe akafika kutoka magharibi mwa nchi na samaki wake. Ameuza samaki sokoni tangu ujana, na kwa samaki hao akamsomesha mwanawe. Anamwamini Mungu kwanza, kisha barafu. Sisi tulitoka kununua mboga, yeye akabaki akipanga samaki.

Tuliporudi, mume wangu alifungua friji kwanza, kama kawaida yake, akisalimie kichupa. Hakikuwepo.

"Unatafuta ile dawa yako?" mama akauliza. "Nimekuwekea kwa friza, katikati ya samaki. Pale uliweka ni baridi ya mchezo. Kitu ya maana hailali hapo."

Akakitoa. Kilikuwa kimeganda kabisa. Nilimwogopea mama mkwe wangu, kwa sababu huyu mume wangu ni mtu wa kugombana hata na redio. Alikitazama kichupa, kisha akamtazama mama yake aliyekuwa akitabasamu, akingoja shukrani.

"Asante, Mama," akasema. "Umenisaidia sana."

Jumatatu alizijaribu kingamwili zake hivyo hivyo. Maji yalibaki maji. Kichupa kingine kilichukua miezi kufika kutoka ng'ambo, wenzake wakavaa majoho bila yeye, na jioni moja nilimkuta akilia bafuni. Siku hiyo sikuwa na utani wowote.

Alihitimu mwaka uliofuata. Mama alikuja na kitenge kipya, na kila aliyempa mkono uwanjani aliambiwa jinsi dawa ya mwanawe ingeoza kama si yeye na barafu yake. Watu wakamgeukia mume wangu.

"Ni kweli," akawajibu, ndani ya joho lake lililochelewa. "Mama ndiye aliiokoa."