Mguu wa Mwanangu Umepasuka Mara Mbili, Sasa Bibi Yake Anataka Kumchukua

Admin nifiche jina. Ndugu zangu, mnisamehe nimechelewa sana kuwaandikia. Nilikuwa naona aibu, na hapa nilipo nanyonyesha. Nina miaka 26, niliishia darasa la saba, naishi Nyarugusu, huku machimboni.

Binti yangu wa kwanza, nimwite Kabula, ana miaka saba. Alikanyagwa na lori la mawe ya dhahabu, akakatwa mguu chini ya goti. Fundi mmoja mjini akamtengenezea wa bandia, kikombe cha kuingizia mguu ni cha faiba na gundi. Akatembea! Haukupita muda kikapasuka. Cha pili nacho kikapasukia njiani akienda shule. Akarudi akirukaruka, ananiambia, "Mama, umelia ta! kama muwa."

Mama mkwe akafunga safari kutoka Ushetu. "Mama Kabula, mizimu ya kwetu imeukataa huo mguu. Mtoto nampeleka nyumbani akatambikiwe, na shule basi." Baba Kabula hampingi mama yake.

Nikambana fundi. Akachukua msumeno akakichana kile kikombe cha pili kwa urefu. Kweli tena, ule mkato ukajifunga wenyewe mpaka ukaubana msumeno! Akasema, "Dada, gundi ikiganda inachemka, halafu inasinyaa. Nyuzi za faiba hazisinyai. Vinavutana humo ndani, kwa macho huoni. Na mimi nilizidisha dawa ya kugandisha iwahi kukauka, nikakuonea huruma usilale stendi na watoto."

Ule mkato ukijifunga nilikuwa naurekodi video, nikamwonyesha mama mkwe aelewe. Akaruka kwenye kiti. "Si ndivyo nilivyosema! Kitu kinajisogeza chenyewe, halafu umvalishe mjukuu wangu?" Shule zikifungwa anakuja kumchukua.

Mtoto simtoi. Lakini kikombe cha tatu kikipasuka nitasema nini mbele ya ukoo? Fundi anasema wapo watu wanaopiga hesabu kwenye kompyuta, wakaona gundi itavutana wapi kabla hata haijamwagwa. Yeye hajui, mimi ndiyo kabisa.

Pole nimeshapewa nyingi huku mtaani, nashukuru. Sasa nielekezeni nampataje mtu wa hesabu hiyo, aongee na fundi. Tumeni kwa admin. Nahitaji na mwenyeji mjini wa kutulaza, gundi iachwe igande polepole. Na kipimajoto chenye waya mwembamba, fundi aulaze katikati ya matabaka ya faiba, aone gundi inachemka kiasi gani. Na soksi za pamba za kuvalisha kigutu, saizi ya mtoto, zisiwe na mshono.