Sijui Kutoka

Nilikuwa mtu wa kukaa ndani kabla sijaanza kulipwa kwa kukaa ndani. Ndiyo maana nilipopata kazi ya kujaza karatasi za mizigo kwa wakala wa forodha wa Horohoro, huku mwenyewe nimekaa sebuleni kwa mama, Tanga mjini, niliona dua zangu zimepokelewa. Kompyuta ya kazi iko ofisini, mpakani. Mimi naifungua kwa intaneti ndani ya hii yangu, kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Sharti la bosi lilikuwa moja: kazi ikikwama hata mara moja, nitaifuata hukohuko Horohoro, kila siku.

Asubuhi hiyo lori la machungwa ya Muheza lilikuwa linasubiri karatasi zangu ili livuke. Nimefika nusu ya orodha, kioo kikaanza chenga. Kwanza vitone, kisha viraka vya kijani, kisha ukanda mweusi ukalala chini kabisa ya kioo. Tarakimu za mstari wa chini zikabaki vichwa bila miguu, nane na tisa sizitofautishi.

"Mama, kuna chenga!"

"Ziondoe," akasema, anapeta mchele mlangoni. "Wenzio tunaziondoa tangu alfajiri."

Nikampigia fundi wa ofisi, Mpemba ambaye sijawahi kumwona, namjua sauti tu.

"Ukilishusha dirisha la ofisi, hiyo kompyuta yako ina chenga?"

"Haina. Safi kabisa."

"Basi chenga ziko huku kwetu. Toka, halafu ingia tena."

Nikabonyeza ile eksi ya kona ya juu, dirisha likafungika. Nikaingia. Chenga zilezile, palepale.

"Ulitoka?"

"Nilitoka."

"Toka tena."

Nikatoka mara nne. Mara ya tano nikazima kompyuta kabisa, nikachomoa na waya ukutani, nikasema Bismillahi, nikawasha. Ukanda mweusi umelala vilevile, haukujigeuza hata ubavu.

"Yakhe," fundi akasema polepole, "hebu nambie, watoka vipi?"

"Nafunga kwa eksi."

Akaangua kicheko. "Basi hujatoka! Umerudisha mlango tu. Huku ofisini bado umo, na chenga zako unazo. Kutoka kuna kitufe chake, kule chini kushoto."

Simu nilikuwa nimeiweka spika. Mama akadakia, "Huyo hatoki, baba, usijisumbue. Tangu Idi hajafika hata gengeni."

Chini kushoto ndiko ulikolala ukanda mweusi. Nikabonyeza humo gizani kwa kubahatisha. Kikafunguka kikokotoo. Ikafunguka kalenda. Katikati ya hayo bosi akapiga; sikupokea. Ningeanzaje kumwambia mtu mzima kwamba kutoka kumenishinda?

"Nikutoe mie?" fundi akauliza. "Lakini ambacho hukuhifadhi kitapotea."

Sikuwa nimehifadhi kitu. Nikafikiri kwa muda, kama vile nina la kuchagua.

"Nitoe," nikasema.

Akanitoa. Nikaingia, kioo cheupe pee, kinapendeza, na orodha tupu. Nikaanza upya. Nilikuwa mstari wa nne bosi alipopiga tena, na safari hii nikapokea.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Dereva kashuka, kakaa kivulini anamenya machungwa ya watu. Karatasi ziko wapi?"

"Zinakuja, dada. Kioo kilikuwa na chenga, halafu mimi... nilikuwa sijui kutoka."

"Hujui kutoka," akarudia. "Haya, mdogo wangu, usijali, tutakufundisha. Kesho saa mbili uwe hapa."

Karatasi nilizimaliza adhuhuri, hakuna aliyenishukuru. Kisha nikamfuata mama, nikamwuliza magari ya Horohoro yanapandiwa wapi siku hizi. Alicheka mpaka akaomba maji.